Babu aliyefia Burma 1944: jina lake nitalipata wapi?

Mjukuu wa Pangani
Salaam wakuu, na shikamooni mnaostahili. Kaka yake bibi yangu aliingia Keya (King's African Rifles, KAR, jeshi la wakoloni Waingereza) akiwa hajaoa, akapelekwa Seiloni (Sri Lanka ya leo), kisha Burma (Myanmar ya leo). Hakurudi. Nyumbani tumebaki na vitu viwili: kitambaa cha begani chenye kichwa cha kifaru, alichokileta mwenzake aliyerudi, na barua aliyoandikiwa na karani, imekunjwa mara nne hadi mikunjo imetoboka. Juu pameandikwa 36 KAR, Septemba 1944. Anasema mvua ya huko haina kituo, na mama yake asiuze ule mnazi wa kisimani.

Bibi kila hitima alilitaja jina la kaka yake mwisho kabisa, halafu ananyamaza. Sasa anayelitaja ni mama. Mwaka huu kaniuliza: "Hivi mjomba alizikwa wapi?" Nikakosa la kumjibu. Nisaidieni.

Mzee Kifaru
Marahaba mjukuu, na pole. 36 KAR, yaani kikosi cha 36 cha Keya, walikuwa Watanganyika, katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, na kifaru ndiye nembo ya divisheni hiyo. Tarehe ya barua inakwambia alikuwa wapi: bonde la Kabaw, huko Burma. Walikuwa wakishuka kutoka mji wa Tamu, wakiwafukuza Wajapani waliokuwa wakirudi nyuma baada ya kushindwa Imphal, India. Masika ya kule yaligeuza njia kuwa tope, magari yakinasa, malaria nayo ikiwaangusha watu. Desemba ndipo divisheni ikavuka mto Chindwin, pale Kalewa. Hiyo barua usiikunje tena. Ilaze bapa.

Binti Karani
Ndugu, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha mtandaoni, bure. Ila usitafute jina kama mnavyolitamka nyumbani. Makarani waliandika walivyosikia: Selemani akawa Suleman, Rajabu akawa Rajab, jina la baba mara lipo na "bin", mara halipo. Anza na jina moja tu, weka King's African Rifles na mwaka 1944, kisha soma mmoja mmoja. Wasiojulikana kaburi wameandikwa kwenye nguzo za ukumbusho wa Rangoon Memorial, ndani ya makaburi ya Taukkyan, kaskazini ya Yangon (zamani Rangoon). Majina ni karibu 27,000, kwa hiyo usikate tamaa siku ya kwanza.

Mpiga Mzinga
Wanaotafuta wengine wasiisahau Nairobi. Babu yangu alizama na meli Khedive Ismail, 12 Februari 1944, wakitoka Mombasa kwenda Colombo. Jina lake liko kwenye ukumbusho wa barabara ya Ngong. Nilipolifikia nililipitishia kidole herufi kwa herufi, nikashindwa kuondoka.

Mjukuu wa Pangani
Wakuu, nimempata! Siku ya tatu, saa nane usiku. Jina lake wamelikosea herufi mbili, la baba yake liko sawasawa, na namba ya jeshi ndiyo ile ile iliyo kwenye barua. Yuko Taukkyan, kwenye nguzo. Asubuhi nikampigia mama, nikamsomea. Akaniambia ngoja, akaenda kutafuta kalamu, akarudi: "Haya, nitajie namba polepole." Akaiandika nyuma ya kalenda, kisha akaniomba niirudie.

Ahsanteni sana. Hitima ni Ijumaa, baada ya Alasiri.