LLC ya Delaware, bohari ya korosho California: nifungue mpya?

Shangani_Mtwara
Wakuu, nina LLC (kampuni yenye dhima ya kikomo) ya jimbo la Delaware, Marekani, mmiliki ni mimi peke yangu, nakaa Mtwara. Nataka korosho zilizobanguliwa zikae bohari ya kukodi Los Angeles, ziuzwe kwa maduka ya hukohuko. Nifungue LLC nyingine ya California?

Mkuti
Hapana, usifungue. Andikisha hiyohiyo California kama kampuni ya jimbo jingine, kama kampuni iliyosajiliwa Bara kwa BRELA (wakala wa usajili wa kampuni) inavyoandikishwa Zanzibar bila kuzaliwa upya. Namba ya kodi inabaki ileile.

Kwanza lipa kodi ya mwaka ya Delaware, dola 300, mwisho 1 Juni. Ukidaiwa hupati cheti cha hadhi njema, yaani hati ya Delaware kwamba kampuni yako haina kasoro, ambayo California inaitaka. Kabla ya kuomba cheti tafuta wakala wa kupokea hati za mahakama, mwenye anwani ya mtaa ndani ya California. Sanduku la posta halikubaliki. Wengi hutanguliza cheti, wakala anachelewa kupatikana, na cheti kikipita miezi 6 hakifai tena. Kisha jaza fomu LLC-5 ya kuomba usajili California, dola 70. Jina liandikwe herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye cheti. Likiwa limeshachukuliwa California, fomu ileile ina nafasi ya jina mbadala. Ndani ya siku 90 za usajili peleka LLC-12, fomu ya taarifa za kampuni, dola 20, na baada ya hapo kila miaka 2.

Mhasibu_Lindi
Mzigo wenyewe ni dola 800 kila mwaka kwa Franchise Tax Board (mamlaka ya kodi ya California), hata usipouza kilo moja. Kwa hiyo angalia kalenda. Minada yetu huanza Oktoba. Ukibangua na kusafirisha, kontena litafika mwaka mpya. Ukisajili Novemba utalipia mwaka unaoisha, kisha 800 nyingine ya mwaka unaoanza. Subiri Januari.

Na usisahau fomu 5472 ya serikali kuu, ya kutaja miamala kati ya kampuni na mmiliki, kwa kuwa mmiliki yuko nje ya Marekani. Faini ya kutoipeleka ni dola 25,000.

Shangani_Mtwara
Asanteni sana. Nikimuuzia mnunuzi moja kwa moja kutoka bandari ya Mtwara, bila bohari?

Mkuti
Hapo usajili hauhitajiki, ni biashara ya kuvuka mipaka. Kuwa na akaunti ya benki tu nako hakuhesabiwi. Ila mali ikishakaa bohari na kuuzwa mara kwa mara humohumo, sajili. Usiposajili ni dola 20 kwa siku hadi 10,000, na duka likigoma kulipa huwezi kulishtaki katika mahakama za California mpaka usajili ukamilike. Mkataba wenu unabaki halali, lakini pesa zako zinasubiri.