Majaribio yanapita, skrini tupu: nifanyeje na majibu ya seva?

KobeTaratibu
Wakuu, heshima kwenu. Huu ni mwaka wangu wa pili kwenye kazi ya kupima programu za simu, na hili limenishinda.

Tuna app ya kukata tiketi za mabasi. Siku hizi ukurasa wa mwanzo haupangwi tena ndani ya app. Seva inaleta JSON (data ya maandishi yenye mpangilio maalumu) inayosema weka bango hapa, kadi ya ofa pale, kitufe chini, na app inachora ilivyoambiwa. Watu wa masoko wanafurahi, wanabadilisha ukurasa bila kusubiri toleo jipya Play Store. Ninayelia ni mimi.

Majaribio yangu ya Appium (zana inayobonyeza app yenyewe kama mtumiaji) yanatafuta kitufe kwa maandishi yake. Jumatatu kimeandikwa "Kata tiketi", Alhamisi "Safiri nasi", nafika kazini nakuta majaribio 11 mekundu na hakuna kilichoharibika. Lakini lililonitoa jasho ni hili: wiki iliyopita seva ilituma kadi ya aina mpya, app haiijui. Ikairuka kimya kimya, mahali pa ofa pakabaki peupe, na majaribio yote yakapita. Aliyetuambia ni mteja.

Nimewaza nidake jibu la seva jaribio likiendelea, kisha nililinganishe na skrini kipande kwa kipande. Kuna aliyewahi kufanya hivyo? Tunapima Android tu.

FundiProksi
Inawezekana mkuu. Weka mitmproxy (proksi, programu inayosoma mawasiliano yanayopita) katikati ya emuleta (simu ya kuigiza kwenye kompyuta) na seva, kila jibu utaliona. Angalizo: tangu Android 7, app haiamini cheti kilichowekwa na mtumiaji, kama hicho cha proksi, mpaka uiruhusu kwenye network security config (mipangilio ya usalama wa mtandao ya app). Iruhusu kwenye bildi ya debug (ile ya majaribio, si ya wateja) peke yake. Mimi nilipoteza siku mbili nikiilaumu proksi.

BintiBakendi
Kaka Kobe, kudaka utadaka, ila fikiria utaishia wapi. Jaribio la kusoma JSON na kuamua skrini iweje lazima lijue kila aina ya kipande, na kipi hufichwa mtu akiwa hajaingia kwenye akaunti. Utakuwa umeandika app ya pili, kwa Python, yenye makosa yake. Zikipishana utaamini ipi? Na seva ikituma takataka, app ikaichora ile takataka vizuri, jaribio lako litasema safi.

Hapo kuna maswali mawili umeyafunga kamba moja. La kwanza: app ikipewa jibu fulani, inalichora sawasawa? Hilo halihitaji seva ya kweli. Hifadhi majibu kwenye mafaili, yatoe kwa WireMock (seva ya kuigiza) kwenye kompyuta yako. Emuleta inaifikia kwa anwani 10.0.2.2. Liwepo jibu la kawaida, lenye orodha tupu, lenye picha isiyofunguka, na lenye kadi ambayo app haijawahi kuiona. Hilo la mwisho usilisahau hata kidogo.

La pili: seva inatuma vitu ambavyo app inavijua? Hapo simu haihitajiki kabisa. Andikeni JSON Schema (skima, yaani kanuni za jinsi JSON inavyotakiwa kuwa), na kila ukurasa upimwe nayo kabla haujatoka. Kadi yenu ya wiki iliyopita ingekwama hapo kwa sekunde chache.

KobeTaratibu
Dada, umenifungua macho. Na haya maandishi yanayobadilika kila siku?

BintiBakendi
Acha kuyatafuta. Waombe watu wa seva kila kipande kiwe na kitambulisho kisichobadilika:

`{"aina": "kitufe", "id": "kata_tiketi", "maandishi": "Safiri nasi", "kitendo": "tiketi/tafuta"}`

App iipachike hiyo id kwenye kitufe kama testTag (lebo ya majaribio). Kama skrini zenu zimeandikwa kwa Jetpack Compose (zana ya Android ya kuchora skrini), washeni testTagsAsResourceId, vinginevyo Appium haitaipata kama resource-id.

BabuMatoleo
Mnasahau jambo moja, vijana. App haiko toleo moja huko mitaani. Shemeji yangu hasasishi kitu mpaka simu igome, anasema bando lake si la Google. Seva ikituma kadi mpya, wewe mwenye toleo la leo unaiona, yeye anaona peupe. Kwa hiyo wekeni skima kwa kila toleo ambalo bado lina watumiaji, na jibu la kila toleo lipimwe na skima yake.

FundiProksi
Nakubali, proksi isiwe ndani ya jaribio. Ila itumie kurekodi majibu ya mwanzo ya kuweka kwenye mafaili, kuliko kuyaandika kwa mkono. Futa tokeni (funguo za kuingilia akaunti) na namba za simu za watu kabla hujayaingiza Git (hifadhi ya msimbo ya timu), tafadhali.

KobeTaratibu
Wakuu, nimerudi baada ya siku tisa. Skima imewashwa, na siku ya kwanza tu ikakamata kitufe kisicho na "kitendo". Kilikuwa kinang'aa vizuri, ukikibonyeza hakuendi popote, na hatujui kilikaa hivyo tangu lini. Majaribio ya mafaili ni 23, kwenye seva ya kweli nimebakiza mawili: ukurasa ufunguke, na kitufe cha tiketi kifike kwenye utafutaji.

Kilichobaki ni ugomvi. Watu wa masoko hawataki skima izuie ukurasa wao saa mbili usiku ofa ikisubiriwa. Wanataka itoe onyo tu. BintiBakendi, kwenu mlimalizaje hili?

BintiBakendi
Tuliwapa kitufe cha kuipita skima, na kila anayekibonyeza jina lake linatokea kwenye kundi la timu nzima. Mpaka leo kimebonyezwa mara moja.