Mrejesho: kaka aliyevunjika mguu baada ya kupandikizwa figo

Niliuliza kwa nini kaka yangu, aliyepandikizwa figo India miaka 2 iliyopita, alivunjika kifundo cha mguu kwa kuteleza tu kwenye ngazi za nyumbani, hapa Kadutu, Bukavu. Aksanti sana mliosisitiza apimwe damu. Homoni ya parathiroidi, ile inayotoa kalsiamu kwenye mifupa na kuipeleka kwenye damu, bado iko juu ingawa figo mpya inafanya kazi vizuri, na vitamini D iko chini. Ameanzishiwa dawa yake. Prednisoloni, dawa anayotumia ili mwili usiikatae figo, nayo hudhoofisha mifupa, lakini daktari amemkataza kabisa kuiacha mwenyewe. Plasta imetolewa jana. Mguu umekonda, ngozi inambabuka. Nilimpaka mafuta huku machozi yakinitoka. Mama ameondoa mikeka yote inayoteleza, na tochi inalala kando ya mto wa kaka kitandani.