Naomba ushauri: mhusika wa katuni yangu afe, apone, au nimuache aendelee kuharibika?

Kalamu Butu (mleta uzi)
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mchoraji wa katuni, si wa kutisha, nachora kwa simu na kuweka kwenye grupu la WhatsApp, kurasa nne kila Ijumaa. Nina mhusika anaitwa Mkaa. Zamani alikuwa konda wa daladala, akaingia kwenye unga, mke akaondoka na mtoto. Mchana analala Jangwani, usiku anawasaka wale matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Akimkamata mmoja anamvunja vidole asibonyeze simu tena. Hela anazowapokonya, nusu anawarudishia waliotapeliwa, nusu ananunulia kete.

Watu wamempenda kuliko nilivyotegemea. Sasa nimekwama. Nikimponya anakuwa mlokole na hadithi imeishia hapo. Nikimuacha alivyo, kila wiki ni yale yale. Nikimuua, ndiyo basi tena. Usingizi sipati, siwadanganyi. Mhusika wa namna hii anaendelezwaje?

chapati_mbili
Nimewahi siti ya dirishani.

Fundi Redio
Hongera, Mkaa ni jina. Swali lako Wamarekani wameligombania zamani. Jason Todd, Robin wa pili, yaani kijana msaidizi wa Batman, wasomaji wengi walimwona mkorofi. Mwaka 1988 DC, kampuni ya katuni za Batman, wakatoa namba mbili za simu: moja ya kusema aishi, nyingine afe, unalipa senti 50 kila ukipiga. Waliotaka afe 5,343, waliotaka aishi 5,271. Kura 72 tu, kijana akazikwa. 2005 wakamrudisha rasmi, safari hii akiitwa Red Hood, anaua wahalifu bila kuomba ruhusa ya mtu.

Cha ajabu ni kwamba wengi wakampenda. Kwa nini? Robin yule alikuwa na hasira tu, huyu alirudi na hoja. Anamuuliza Batman: mimi nimeuawa, aliyeniua mbona bado anapumua? Batman analo jibu, lakini halimtoshi mtu aliyetoka kaburini. Mpe Mkaa hoja. Kidonda tayari anacho.

Mwalimu Mstaafu
Vijana, tangu lini teja anayevunja watu vidole akaitwa shujaa? Sisi tulikuwa na Chakubanga wa Christian Gregory kwenye gazeti la Uhuru. Kasoro alikuwa nazo, lakini ukimcheka unajifunza. Wajukuu zangu nisingependa wasome huyo Mkaa.

chapati_mbili
Shikamoo mwalimu. Na Lodi Lofa wa gazeti la Sani naye alikuwa katekista?

Mwalimu Mstaafu
Marahaba. Sani nilikuwa nawanyang'anya wanafunzi darasani.

chapati_mbili
Halafu unakwenda kusomea ofisini 😂

Mtu wa Kilindini
Salaam aleikum nduguzanguni wa Bara na Visiwani, hapa ni Mombasa. Mimi swali langu ni jingine. Mwaka jana jamaa alinipigia akajifanya wakala, akanifagilia hela yote ya karo ya mtoto. Sauti yake naijua hata leo. Huyo Mkaa anavuka mpaka? Nauli ya basi nitalipa mie.

Binti wa Pangani
Mleta uzi, kuna kitu hujasema. Leo Jumatano, unachora kila Ijumaa, na swali lako lina pumzi za mtu anayekimbia. Umeshachora nini?

Kalamu Butu
Dada umenibana. Nilipigisha kura kwenye grupu, wengi wakasema afe. Basi nimechora. Kurasa zote nne, na rangi nimepaka. Mkaa amekata shauri aende akaanze dawa, usiku wa kuamkia siku hiyo arosto, yale mateso ya kukosa unga, inamshika, anafia ndani ya lori bovu pale gereji. Wakuu, sijawahi kuchora kitu kizuri namna hii. Vivuli vya kwenye ule mlango wa lori ningewaonyesha mngenielewa. Kufuta siwezi.

Fundi Redio
Sasa hapa unaomba ushauri au unaomba baraka?

Kalamu Butu
Ushauri. Ila kura ni kura. Wewe mwenyewe umetoa mfano wa DC.

Fundi Redio
Nimeutoa uone walivyokuja kumrudisha! Miaka kumi na saba baadaye.

mwana_tandale
Ngoja niingie, mimi nimeuvuta huo unga. Mzee, arosto haiui namna hiyo. Inatesa: mafua, machozi, tumbo linakatika, mifupa inauma, miguu inapiga mateke yenyewe usiku kucha. Unatamani ufe, lakini kwa kawaida hufi. Wenzangu niliowazika wengi walikufa kinyume chake. Mtu amekaa miezi bila kugusa, labda alikuwa ndani, labda kijijini kwao, mwili umeshasahau. Anarudi maskani, anapiga kipimo chake cha zamani. Dakika chache, kwisha habari.

Na hilo la kusema akipona hadithi imekwisha, samahani, hulijui. Pale Muhimbili kliniki ya methadone, dawa ya kumsaidia mtu aache unga, ilianza 2011. Dawa ile unainywa kikombeni mbele ya nesi, na unaifuata kila siku. Mvua inyeshe, Idi iingie, Krismasi ifike, wewe unapanga foleni. Kwenye foleni unakutana na mliyekuwa mnaiba naye, na aliyekuwa anakuuzia amekaa nje ng'ambo ya barabara anakuchekea. Kazi unapataje wakati kila asubuhi lazima uende kliniki? Bosi gani atakuelewa? Sasa mchukue Mkaa wako: usiku kucha anasaka matapeli, asubuhi awe dirishani kabla halijafungwa. Akichelewa kwa sababu ya kumkimbiza mwizi, siku hiyo anaipitishaje? Hapo huoni hadithi?

chapati_mbili
Nimeshuka kwenye siti, nakuja kukaa mbele.

Fundi Redio
mwana_tandale umemaliza kazi. Na huko nje yupo wa kumlinganisha naye: Roy Harper, kijana wa Green Arrow, shujaa mwingine wa DC. Mwaka 1971 Dennis O'Neil na Neal Adams walimchora anajidunga heroini, na mlezi wake anamkuta nayo, anampiga, anamfukuza. Shujaa mzima anashindwa kumuuliza kijana wake imekuwaje. Roy akaacha, na baadaye akaja kuwa baba wa mtoto wa kike. Wakamwandika miaka mingi kama mtu aliyepona na bado ana kazi ya kupona. Halafu 2018 DC wakaunda kituo cha kuwatibu mashujaa waliovurugika akili, wakamuua Roy humo humo ndani. Mashabiki waliwaka moto, na mimi nilikuwa mmoja wao. Mtu umemtoa mbali hivyo, halafu unamuua mlangoni pa hospitali ili ukurasa usikike!

Kalamu Butu, soma tena ulichochora. Mkaa wako anakufa kesho yake ikiwa ni siku ya kuanza dawa.

Kalamu Butu
Mimi sijamuua ili kusikika. Ndivyo maisha yalivyo mtaani. Kila nikimchora anapona mkono unakataa, uso unatoka wa uongo.

Binti wa Pangani
Uso wa nani?

Binti wa Pangani
Nauliza kwa sababu mtu haoti lori bovu tu. Lori, gereji, mlango, umevieleza kama mtu aliyewahi kwenda kumtafuta mtu humo.

Kalamu Butu
Haya. Mkaa ni kaka yangu, tumbo moja. Sura ni yake, na kovu la juu ya jicho ni lake. Kwenye lori hilo nilimtoa mimi na jirani, tukidhani amekufa. Sasa yuko soba hausi, nyumba ya wanaoacha unga, mwezi ujao anatoka. Anajua nachora, ila huko alipo simu hana, hajasoma hata ukurasa mmoja. Wasomaji wangu wengi ni wa mtaani, wanamjua. Wengine ndio waliopiga kura.

Msinihukumu. Aliuza cherehani ya mama, iliyokuwa inatulisha wote. Alinipora mimi mdogo wake kwa kisu. Jina nimebadilisha. Mchoraji asipochora kinachomuuma achore nini, maua?

Mwalimu Mstaafu
Mwanangu. Kwa hiyo kaka yako anatoka tiba, anafika mtaani, watoto wanamwambia wewe si ulishakufa?

KobeMzee
Jamani, mbona mnakunywa bila kuuliza majani yametoka wapi? CHAI. Bandiko la kwanza mhusika ni wa kubuni. Akabanwa, kumbe kuna kura. Akabanwa tena, kumbe ni kaka. Mkimbana mara ya nne Mkaa atakuwa yeye mwenyewe. Akaunti imefunguliwa wiki iliyopita, uzi wake ni huu mmoja. Kesho kutwa Ijumaa atawawekea linki, "baada ya maombi yenu wadau". Hiyo ni kiki, na mmeshampa matangazo ya bure.

chapati_mbili
Kama ni chai basi ni ya maziwa na iliki. Chapati ninazo.

Mtu wa Kilindini
Aa, usiniambie hivyo ndugu yangu, mimi nishaanza kutafuta basi.

Kalamu Butu
KobeMzee, mama yangu analia kila Jumapili akirudi kumtembelea, wewe unasema kiki. Akaunti ni mpya kwa sababu ile ya zamani watu wa mtaani wanaijua.

KobeMzee
Weka ukurasa mmoja basi. Sura izibe.

mwana_tandale
Kobe, mimi sijali kama ni chai. Nimeandika kuhusu kipimo cha zamani, na humu yupo mwenye ndugu anatoka wiki hii. Na siku hizi kuna dawa ya naloksoni ya kumzindua mtu unga ukimzidi, si vibaya mkaijua.

KobeMzee
Wewe sijakugusa mkuu, wewe naamini ulipita huko. Namtaka huyu aliyechora.

Kalamu Butu
[picha]
Huo ni ukurasa wa nne. Sura nimefunika kwa rangi nyeusi. Umeridhika?

KobeMzee
Mkono unaijua kazi, hilo sikatai. Lakini kuchora vizuri hakuthibitishi kuwa una kaka.

Fundi Redio
Subirini. Kuza picha, kona ya chini kulia. Mtu amekufa, mlango wa lori uko wazi, na chini umeandika "Itaendelea".

Binti wa Pangani
Nimeiona!

KobeMzee
Si nilisema? Kamba hiyo ya kuwavutia mrudi Ijumaa nyingine. Atafufuliwa mtu hapa.

Kalamu Butu
Ni mazoea. Kila ukurasa wa nne huwa naandika hivyo, hata sikuangalia.

Binti wa Pangani
Kaka Kalamu, wewe uliyeona vivuli vya mlango hukuliona neno ulilolichora kwa herufi za wino? Hukumaliza kumuua. Ijumaa hii usiweke hizo kurasa. Ngoja atoke, mpe asome toka ukurasa wa kwanza, mkiwa wawili, si mbele za watu. Akisema choma, unachoma. Sura ni yake.

Kalamu Butu
Na nikikosa Ijumaa? Nimewazoesha, wakiondoka hawarudi. Na yeye ndiye nani wa kuamua, baada ya yote aliyotufanyia? Sisi hatukuulizwa cherehani iuzwe au isiuzwe.

Binti wa Pangani
Basi ndugu yangu, hizo hasira ndizo zilizopiga kura, kabla ya grupu.

Fundi Redio
Ijumaa chora mwingine. Wale wanaorudishiwa hela na Mkaa hujawahi kutuonyesha hata mmoja. Mjane anafungua mlango asubuhi, anakuta bahasha, na anajua kabisa mtu aliyeileta ni teja aliyewahi kumwibia ndoo. Anazipokea? Anamtafuta? Mkaa mwenyewe tusimuone kabisa, tuone anavyosemwa tu. Utapata wiki tatu nne bila kugusa lori.

mwana_tandale
Na ndoo airudishe.

Kalamu Butu
Ya ndoo ni kweli aliiba, kwa mama mmoja jirani. Fundi, umejuaje?

Fundi Redio
Sijui kitu, nimebuni.

KobeMzee
Haya, sasa wanatunga wawili.

Kalamu Butu
Hiyo ya mjane nitaijaribu usiku huu. Siahidi. Zile kurasa nne sifuti, ila na Ijumaa siziweki. Kuhusu kumpa asome, hilo mniache kwanza.

Mtu wa Kilindini
Na tapeli wangu wa karo? Hata ukurasa mmoja nisipewe?

KobeMzee
Linki inakuja, kaeni mkao wa kula.

Kalamu Butu
Siweki linki. Umeshinda.

Mwalimu Mstaafu
Samahani kijana. Hilo grupu mtu anaingiaje? Nataka kuikemea hiyo katuni nikiwa nimeisoma.