ETI TV IKO SAWA, NI BOTI IMELALA UPANDE!!!

Nahodha_Kachoka (mwenye uzi)

Wadau, naandika mikono ingali yatetemeka. Fundi wa TV ameshuka gatini Shela, hapa Lamu, sasa hivi na mfuko wake wa vifaa, hata hakugeuka nyuma. Jina silitaji. Mwamjua. Ukisema "fundi" Amu hii na mtu akaguna, basi ndiye huyo.

Boti yangu ya kulala ilikuwa na TV ya zamani, imejengewa ndani ya kabati tangu ilipoundwa. Inchi 15, ya mraba, mgongo mnene kama gunia la nazi. Tangu mitambo ya analogi izimwe 2015 ilibaki ya kuchezea DVD, na hiyo DVD nayo ikaliwa na chumvi. Sasa kesho nina wageni wa Nairobi waenda Kiwayu, nikasema hebu niing'oe niweke ya inchi 22, ya volti 12, nisihangaike na inveta usiku kucha. Kazi ya asubuhi moja.

Asubuhi moja! Kaja saa saba mchana. Tundu kalipima kwa shubiri. Mara nasikia grainda. GRAINDA, wadau, kwenye ubao wa mvule! Magodoro ya wageni yakawa kama yamemwagiwa unga wa muhogo. Namwambia, "Ami, si ungetumia msumeno?" Ati ana haraka, kuna friza ya mtu yamngoja Langoni.

Kamaliza. Nasimama mlangoni natazama. TV imeinama kushoto. Si kuinama kwa kutafuta, ukiweka embe juu yake labiringika mpaka jikoni. Nikamwambia kwa adabu zote nilizofunzwa chuoni: "Fundi, hii imelala." Akarudi nyuma hatua mbili, akafumba jicho moja, akaikodolea kama mtu anayetafuta mwezi wa Ramadhani. Kisha, mbele ya wageni wangu waliokuja kuiona boti, akasema: "TV iko sawa mzee. Ni boti yako imelala upande."

Boti yangu! Wageni wakacheka. Mama mmoja akaniuliza polepole, kwa huruma kabisa, kama boti yavuja.

Skrubu katia za chuma cha kawaida, za dukani, ndani ya boti! Mwezi mmoja tu zitalia kutu mpaka kwenye mito. Nasamehe. Silikoni kaipaka kama mtu apakaye siagi mkate wa mwanawe wa kwanza. Nasamehe. Lakini boti IMELALA UPANDE? Mbele ya wageni?

BintiLangoni

Pole kaka. Swali dogo tu: imelala au haikulala?

KasaMzee

Boti hiyo naijua. Imelala tangu msimu wa pepo za Kusi wa mwaka juzi. Tangi lake la maji liko kushoto, likijaa huenda kama mtu aliyebeba ndoo moja. Fundi kasema kweli, msimwonee.

Nahodha_Kachoka

TANGI LILIKUWA TUPU.

KasaMzee

Basi ni dizeli.

Omo_na_Tezi

Mwenye uzi, acha hasira kidogo. Pimamaji haisaidii kitu boti ikiwa majini, kiputo hakitulii. Unapima kutoka ukingo wa kaunta au sakafu ya kabini, TV iende sambamba na hapo, boti ilale isilale. Hilo lilikuwa kosa lake, na pengine ni lako pia kwa kutomsimamia.

Muhimu zaidi, waya kaupeleka wapi? Kama kaunganisha moja kwa moja kwenye betri bila fyuzi, uuchomoe leo. Tena injini ikiwaka, volti hupanda mpaka 14 na kitu. Soma kibandiko nyuma ya TV. Ikiwa yasema 12 peke yake, tafuta kidhibiti cha volti kabla hujaipeleka Kiwayu, la sivyo itakufa hata hujaiona pwani ya Pate. Na dira yako iko wapi? Spika zina sumaku. Kuna jamaa aliweka TV nyuma ya ukuta wenye dira, akawa kila akielekea Faza ajikuta Mokowe.

Nahodha_Kachoka

Ahsante kwa elimu. Lakini mbele ya WAGENI, ndugu yangu. "Boti yako imelala upande." Kwa sauti ya daktari.

Chaza_Mkavu

Huyo huyo ndiye aliyeniwekea taa ya chooni. Sasa nikiwasha taa, pampu yaanza kuvuma, na nikizima pampu, jirani apiga kelele kuwa redio yake imekatika. Nilipomwita akasema nyumba yangu ina mapepo. Wewe shukuru kakwambia imelala tu.

BintiLangoni

😂😂 Mapepo!

Kaskazi_Imeanza

Watu wana boti zenye TV nao walalamika. Sisi wa Mokowe kila siku twakaa ndani ya boti mpaka ijae, jua utosini, na ikishajaa nahodha akumbuka hajanunua mafuta. Fungueni uzi wa hilo.

Chaza_Mkavu

Ikishajaa bado aongeza watano "wembamba".

MtuWaSabaki

Njooni Malindi muone tabu. Mvua ikinyesha bara, mto Sabaki washusha tope, bahari yawa rangi ya chai ya maziwa, na mgeni aniuliza mimi kwa nini hawaoni samaki. Mimi ndiye niliyetia maziwa?

KasaMzee

Malindi nyinyi mwalalamikia hata kivuli. Huku barafu imepanda tena, na wameanza kuuza vipande vyenye tundu katikati. Nilinunua jana, nusu yake hewa.

Kaskazi_Imeanza

Barafu ya nani? Yule wa karibu na gati?

KasaMzee

Nani mwingine.

BintiLangoni

Mwenye uzi, ile TV ya zamani wauza? Mwanangu ana michezo ya kanda, yataka TV za namna ile.

Nahodha_Kachoka

Aliondoka nayo. Nimegundua sasa hivi.

Chaza_Mkavu

Tundu la barafu lile ni la kupitishia kamba, wasema wao. Kesho bamvua, kuna ajuaye maji yajaa saa ngapi?