Gumzo la familia: Krismasi ya mama kupumzika

*Ijumaa, tarehe 20 Desemba*

Khisa: Habari za jioni familia. Nimetoka stendi ya Machakos hapa Nairobi sai, fea ya Bungoma ishapanda na wanasema kesho itakuwa mbaya zaidi. Nikate tiketi ngapi?

Nafula: Khisa usikate bado. Hii kitu imenikaa kifuani tangu mama atoke hospitali Oktoba. Daktari alimwambia mambo 3, apunguze chumvi, ameze dawa za presha bila kuruka, na apumzike. Chumvi ametii, dawa ametii, kupumzika ndo hajui kunaanzia wapi. Leo nimemkalisha nikamwambia mama tulia nikuchemshie chai, kabla maziwa yachemke ashainuka mara 4, mara nguo zianuliwe, mara mtungi haujafunikwa, mara nani anabisha geti

Nafula: Na Krismasi ya ushago mnaijua. Anasafiri usiku mzima amekunja miguu kwa basi, akishuka anafunga leso moja kwa moja jikoni, kuku wa kuchinjwa, chapati za watu 30, moshi machoni, tarehe 27 tunarudi Nairobi amechoka kuliko alivyoenda. Alafu tunasema tulikuwa likizo.

Khisa: Hapo umesema ukweli dada. Shida ni kukhu, nyanya yetu, tutamwambiaje

Khocha (mjomba) Barasa: Nimemsomea kukhu maneno yenu, nko naye hapa. Anasema mahindi yalishavunwa, shamba sai limelala, litalimwa mwezi wa 2 tungojee mvua ya Machi na hakuna mtu analigombeza eti mbona umelala. Anasema mwache msichana wangu apumzike. Mmoja wenu vijana aje Januari na sukari na majani ya chai, hiyo inatosha.

Khisa: Mwambie kukhu nitakuja mimi 🙏🏾

Beti (Minneapolis, Marekani): Nimesoma hiyo ya shamba nikatoa machozi hapa kwa basi. Wacha niwaambie kitu sijawahi kuwaambia. Kesho huku ndo siku fupi kabisa mwaka mzima, jua linachomoza karibu saa 2 asubuhi na saa 10 na nusu jioni lishazama, naenda kazi giza narudi giza. Nyinyi mko karibu na ikweta, saa 12 na nusu mwanga, saa 12 na nusu usiku, Januari mpaka Desemba. Huku dunia imeinama upande huu ukalipa jua mgongo. Mwaka wa kwanza nililia kila siku nikidhani nimerogwa, mpaka mwenzangu wa wodi akanionyesha ile taa yao ya mwanga mkali, ya laksi 10,000 (hicho ni kipimo cha mwanga), unakaa karibu nayo kama nusu saa asubuhi ukinywa chai yako. Ilinisaidia sana

Beti (Minneapolis): Sasa jirani ana mti wa matofaa mbele ya dirisha langu, hauna hata jani moja, theluji imekaa juu ya matawi. Nikamwambia pole, mti wako umekufa. Akaniambia hapana, huu usipolala kwa baridi masaa mengi sana hautoi maua ya maana. Na kweli mwezi wa 5 ulikuwa mweupe wote. Kwa hivyo mama, kama unasoma, tafadhali lala. Pesa ya Krismasi natuma kesho, isiende kwa fea.

Mama: NAWASOMA WOTE. Mungu awabariki. Lakini sitakaa kama mgeni kwa nyumba yangu, kuna watu lazima niwashukuru kabla mwaka uishe. Nafula toa ile kauntabuku juu ya friji

*Jumamosi*

Nafula: Familia mimi nilidhani ni hesabu ya chama. Kumbe mama ameandika kila mtu aliyemshika mkono akiwa mgonjwa. Watchi wa geti, alimbeba mgongoni usiku mpaka kwa teksi. Mama mboga, sukuma siku 9 na hakutaka pesa. Kijana wa maji alipanda na mtungi kila asubuhi. Msichana wa kitanda cha pili, hajui jina lake, ameandika tu "alinisuka nywele". Kurasa 2 na nusu. Mwisho kabisa ameandika Khisa, Nafula, Beti, na mbele ya majina yetu hajaandika kitu, ameacha mstari mtupu

Khisa: 😭

Khisa: Mimi ndo nakanda. Chapati za watu wote wa kauntabuku, nitazungusha mwenyewe nyumba kwa nyumba na salamu zake. Mama asiguse unga.

Mama: Khisa unga ukandwe na maji ya moto na uufunike nusu saa, usiharakishe

Nafula: Mama!!

Mama: Haya nimenyamaza

*Tarehe 25*

Nafula: Mtaa umetulia, wengi wameenda ushago, unasikia ata mfereji wa jirani ukidondoka. Tumetandika mkeka chini ya mti wa avokado. Amekula kidogo, akanisomea Zaburi, akaanza kuniambia habari ya babu na ng'ombe wake yule mwenye pembe moja, sijawahi kuisikia nikiwa na hii miaka yangu yote, kumbe hatukuwahi kuwa na nafasi. Katikati ya hadithi akalala. Amevua viatu. Sijawahi kumwona mama mchana amevua viatu.

Khisa: Nimemaliza kuzungusha. Watchi amekaa chini kwa kile kiti chake akalia, anauliza mama anaendeleaje, nimwambie nini

Nafula: Mwambie amelala

Beti (Minneapolis): Nimetoka shifti sai, huku ni saa 12 asubuhi. Nataka kupiga simu

Nafula: Usipige bado. Ngoja aamke.

Beti (Minneapolis): Sawa. Nitangoja