Kulala chini ya gari nyumbani: kitanda cha plastiki, cha sponji, cha kukunja, au boksi tu?

IST wa Kigamboni

Wakuu, habari za Jumapili. Nina Toyota IST, na nimechoka kuipeleka gereji kwa kila kitu: kumwaga oili, bushi za stabilaiza (zile raba za chuma cha kuzuia gari kuyumba), hata kukaza klipu ya silensa. Jeki ya magurudumu ya tani 2 ninayo, stendi za kukalishia gari za tani 3 ninazo mbili, soketi zipo. Kinachoniangusha ni kulala chini. Nataka kile kitanda cha mafundi chenye vigurudumu.

Madukani nimekuta cha plastiki ngumu kilichotengenezwa kipande kimoja, cha fremu ya chuma chenye sponji na rexini, na kingine kinakunjika katikati kikawa kiti. Jirani yangu ananicheka, anasema nimwone seremala anigongee ubao na vigurudumu vinne.

Mbele ya nyumba ni pevingi, ila pembeni kuna kibaraza cha zege, gari linaingia. Mimi ni mrefu futi 6, kilo 92. Mnanishaurije?

Soketi Namba 14

Mkuu, kabla ya kuuliza kitanda kipi, jipime. Lala chali sakafuni, mtu aweke rula ya kusimama usawa wa kifua. Wengi wetu tunacheza kwenye sentimita 23 mpaka 26. Hapo hujainua mkono wala hujashika racheti.

Sasa jumlisha kimo cha kitanda. Kile cha plastiki vigurudumu vyake vimeingizwa kwenye masikio ya pembeni, mwili wenyewe unaning'inia katikati, kwa hiyo mgongo wako unakuwa kama sentimita 3 mpaka 5 tu toka chini. Cha sponji mara nyingi fremu imekaa juu ya vigurudumu, halafu sponji juu yake, unafika 10 au zaidi. Dukani tofauti hiyo huioni. Chini ya IST utaiona vizuri sana, maana ndiyo nafasi ya kuzungusha spana.

Stendi zako za tani 3 nyingi zinapanda kati ya sentimita 28 na 42 hivi. Ukizitumia meno ya katikati (yale ya kufungia kimo), kitanda cha sponji kitakubana pua kwenye sampo, lile bakuli la oili chini ya injini. Mimi nasema cha plastiki.

Bi Vitz, Mombasa

Mimi naona mnamrukisha hatua. Kaka, hizo pevingi ulizozitaja, gari huwa unaliegesha hapo au kwenye zege? Kwa sababu kigurudumu cha sentimita 5 kikifika kwenye ule mfereji kati ya tofali na tofali kinazama na kukaa. Unajisukuma kwa visigino, kitanda hakiendi, shati ndilo linalopanda hadi shingoni. Na punje moja ya kokoto inatosha kukizuia.

Mimi kwangu ni pevingi tupu, na sina kitanda. Natandika katoni ya friji iliyokunjuliwa, juu yake bango la plastiki lile la matangazo, upande unaong'aa ukiwa juu. Mwili unateleza kama samaki. Oili ikimwagika napangusa, katoni ikilowa natupa. Mabango baada ya uchaguzi hayana mwenyewe, mnajua.

IST wa Kigamboni

Dada, asante. Gari nitaliweka kwenye zege, ila zege lenyewe limepigwa rafu na ufagio, si laini kama la sebuleni.

Soketi Namba 14

Rafu ya ufagio haina shida, itapiga kelele tu. Shida ni nyufa na mchanga. Fagia kwanza. Bi Vitz yuko sahihi kuhusu pevingi, hapo sibishani naye.

Mzee wa Prado

Wanangu, mnajadili kitanda, gari limesimama juu ya nini? Huyo kijana kasema stendi anazo, vizuri. Lakini ninaowaona mitaani wanakaa juu ya matofali ya simenti. Tofali la simenti linabeba mzigo uliotandazwa juu yake sawasawa, ukilipa ncha moja ya chuma linapasuka bila kutoa taarifa. Jiwe nalo linateleza. Jeki ya mafuta sili yake ikichoka inashuka yenyewe taratibu, na wewe umelala hapo unatafuta nati iliyodondoka.

Gia iwe P, handibreki juu, magurudumu yanayobaki chini yakingwe kwa vipande vya mbao mbele na nyuma. Stendi ikae kwenye zege. Kama ni lazima kwenye pevingi, weka ubao mnene chini ya kila stendi, maana pevingi zimelazwa juu ya mchanga na miguu ya stendi ni myembamba. Halafu kabla hujaingia, lisukume gari kwa nyonga, kwa nguvu ya kutosha. Kama ni la kudondoka, lidondoke wewe ukiwa nje. Tairi ulilolitoa lilaze chini ya bodi.

IST wa Kigamboni

Shikamoo mzee. Nimekupata.

Mzee wa Prado

Marahaba. Sijamaliza. Kitanda cha magurudumu kina ubaya wake mmoja ambao hakuna aliyeutaja: nati ikigoma, ukivuta racheti nati inabaki pale pale, wewe ndiye unayezunguka. Nati zilizoshika kutu fungua ukiwa umelala kwenye boksi, mgongo umeshika ardhi. Na hata hapo usivute kama unang'oa muhogo, gari liko juu ya stendi.

Houston Kitaa

Niko Texas, karakana ya nyumbani ina sakafu ya zege iliyosuguliwa, huku hivi vitanda ndiko kwao. Nimevitumia vyote vitatu alivyovitaja mleta mada.

Kinachokunjika kuwa kiti: kizuri kwa kiti. Kubadilisha pedi za breki, kung'arisha taa, kukaa tu na kunywa soda. Ukikilaza, ile bawaba inakaa mgongoni, kizito, kirefu kwenda juu. Kama unafanya breki mara nyingi kuliko kuingia chini, chukua hicho.

Cha sponji: mwezi wa kwanza utaona umepata. Baadaye rexini inachanika kwenye kingo, sponji inakunywa oili, na oili haitoki. Kila ukilala inakurudishia kwenye shati. Kwa joto la Dar ongeza na jasho.

Cha plastiki: kigumu, ila kimechongwa kufuata mabega na kina kamto ka kichwa. Unapangusa kwa tambara, kimetakata. Angalia uwezo ulioandikwa, vingi vya kawaida ni pauni 300 mpaka 400, yaani kama kilo 136 mpaka 181. Kwa kilo 92 uko salama. Angalia na urefu: viko vya inchi 36, 40 na 48. Kwa futi 6 kamata 40 kwenda juu, la sivyo kichwa kiko kwenye mto na makalio yananing'inia.

Kuhusu stendi, mzee kasema kweli. Mwaka 2020 huku maduka ya zana ya Harbor Freight yaliwaambia wateja warudishe stendi zao za tani 3 na tani 6, zaidi ya milioni moja na nusu, kwa sababu meno ya kufungia yangeweza kuachia. Kwa hiyo kila ukipandisha, chungulia kwa macho kama jino limekaa mpaka ndani. Usisikilize mlio tu.

Probox Nakuru

Mimi naenda na jirani yako wa seremala, ila si kwa ubao wa kawaida. Ukipigilia vigurudumu chini ya plaiwudi ya milimita 18, hesabu: kigurudumu cha sentimita 5 pamoja na kikombe chake kina kimo cha karibu 7, ongeza ubao, uko karibu 9. Umerudi kule kule kwa kitanda cha sponji, na sponji huna.

Dawa yake ni mchomeleaji. Anakata anguloaini (chuma chenye umbo la L), anaunda fremu ya sentimita 100 kwa 45, halafu kwenye pembe anachomelea vipande vinne vilivyoinuliwa kama masikio. Vigurudumu vinafungwa chini ya masikio hayo, ubao unalala chini ndani ya fremu. Mgongo unabaki sentimita 3 au 4 toka chini, sawa na cha dukani, na kitadumu kuliko hicho cha plastiki. Hapa kwetu mafundi wa jua kali, wale wa mtaani, watakutengenezea ukisubiri, na sidhani wenzao wa mtaa wa Gerezani huko Dar watashindwa.

Vigurudumu vyote vizunguke pande zote. Kama viwili vimekazwa, utakuwa unaenda mbele na nyuma tu kama droo.

Soketi Namba 14

Probox, hapo umenena. Niongeze kwenye uzito: usigawanye kilo zako kwa nne. Sakafu ikiwa na mabonde, mara nyingi gurudumu moja liko hewani, kwa hiyo gawanya kwa tatu. Kilo 92, ubao wa plaiwudi kilo 5 hivi, fremu weka 8. Jumla 105, kila gurudumu kilo 35. Nunua vilivyoandikwa kilo 40 au 50. Vile vya viti vya ofisi vya plastiki nyeusi vinavunjika shingo.

Na masikio yawe mwishoni kabisa mwa fremu. Vigurudumu vikiingia ndani sana, ukikaa upande wa miguu, upande wa kichwa unanyanyuka na kukupiga kisogoni. Kaa katikati kwanza, ndipo ulale.

Bi Vitz, Mombasa

Na nywele. Wenye nywele ndefu wafunge juu au wavae kofia, kigurudumu kinakanyaga na kuvuta. Waya wa taa nao hivyo hivyo. Taa ya kuchaji yenye sumaku ni bora mara kumi kuliko kuvuta umeme chini ya gari lenye petroli.

Rumion Kimara

Kwani rampu, zile ngazi za mteremko za kupandia tairi, vipi? Unapanda nazo mbele, oili inamwagika, huhitaji stendi wala jeki.

Mzee wa Prado

Rampu nzuri kwa oili ya IST. Ila bushi za stabilaiza alizozitaja, tairi zikibeba uzito utapata tabu ya kufikia baadhi ya nati. Na gari likiwa limeinuka pua, oili ya nyuma ya sampo unaiacha au unaimaliza kutegemea tundu liko upande gani. Chunguza kwanza. Usipande rampu peke yako, mtu asimame pembeni akuelekeze, asisimame mbele.

Rumion Kimara

Sawa mzee.

IST wa Kigamboni

Wakuu, leo nimejipima. Kifua sentimita 25. Nimeweka gari kwenye stendi jino la tatu, toka zege hadi chini ya sampo napata 37. Kwa hiyo kitanda cha sponji kimeshakufa. Nabaki na cha plastiki au fremu ya Probox.

Swali la mwisho: mchanga wa huku Kigamboni unaingia kila mahali. Vigurudumu nivipake grisi?

Houston Kitaa

Pale nje kwenye mpira hapana, itakusanya vumbi. Ndani ya beringi, kama ni za kufungua, kidogo.

Probox Nakuru

Mimi sipaki hata kidogo. Mchanga na grisi vikichanganyika ni msasa. Naosha kwa mafuta ya taa na brashi ya meno, natoa uzi na nywele zilizojizungusha kwenye ekseli, naanika juani. Nikimaliza kazi kitanda nakitundika ukutani kwenye msumari, vigurudumu vikiangalia nje, hakilali chini na mchanga.

Soketi Namba 14

IST, sentimita 12 za ziada, hata ukitoa 3 au 4 za kitanda, zinatosha oili na filta. Kwa bushi panda jino moja juu kama stendi inaruhusu na gari linakaa sawa pande zote mbili. Na lile boksi usilitupe, hata ukinunua kitanda.

IST wa Kigamboni

Nimeongea na mchomeleaji. Ananiuliza anguloaini ya inchi moja au moja na nusu?

Probox Nakuru

Moja inatosha, unene milimita 3. Moja na nusu itakuongezea kilo bure na ukingo utakukata mabega. Mwambie asage pembe zote kwa grainda kabla ya kupaka rangi.